Mwembe wa gatini

Mwezi wa nane ukielekea kwisha, Lokandu ilikuwa inakauka mpaka njia zinapasuka. Nilikulia hapo kando ya Lualaba, enzi za Zaire, mto ukiteremka kutoka Kindu kwenda Ubundu. Saa nane mchana kuku walijificha chini ya vitanda, manjanja, yaani mabati ya nyumba ya jirani, yalialika kwa jua, na bibi hakuturuhusu kutoka mpaka kivuli cha mgomba kifike mlangoni. Lakini joto lenyewe hatukuliogopa. Tuliogopa kile ambacho joto lilikuwa linakiita.

Mvua za Septemba kwetu hutoka mashariki, upande wa misitu ya Pangi. Mjomba wangu, mvuvi aliyefundishwa mto na Wagenya, alizijua kabla hazijaonekana. Siku moja tulikuwa katikati ya maji na mzigo wa mihogo. Mtumbwi ukishapakiwa, ukingo wake hubaki viganja viwili tu juu ya maji. Mjomba akaacha kupiga kafi.

“Unasikia nini, baba?”

“Sisikii kitu, mjomba.”

“Ndiyo hiyo. Upepo umekufa.”

Akageuza mtumbwi kuelekea ukingo wa karibu, ingawa moshi wa nyumbani kwetu ulikuwa unaonekana ng'ambo. Nililalamika, nina njaa. Hakunijibu. Tulipokwisha kuuvuta mtumbwi mateteni, upepo ukarudi kwa kishindo, baridi kama ya alfajiri, na mvua ikavuka mto ikiwa ukuta mweupe. Pale tulipokuwa dakika chache kabla, maji yalikuwa yanasimama na kuanguka. Mjomba alinichuchumaza chini kwenye matete mafupi, mbali na miti mirefu, akanifunika kwa mwili wake. Nilisikia moyo wake ukipiga mgongoni kwangu. Yeye pia aliogopa, na kujua hivyo kulinitia heshima ambayo haijaniisha.

Mto, basi, tuliweza kuusoma. Radi hatukuweza.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, siku ya soko. Mvua iliwashika watu gatini, watatu wakakimbilia chini ya mwembe mkubwa, kama sote tulivyozoea kufanya. Radi ikapiga mara moja. Kijana mmoja na msichana mmoja hawakuinuka; wa tatu alipoteza usikivu wa sikio moja. Nilimwona yule msichana kabla hawajamfunika kikwembe. Hakuwa na damu. Shingoni tu, palipokaa mkufu, palikuwa na mstari mweusi mwembamba, na kikapu chake cha dagaa kilikuwa kimesimama wima kando yake, hata dagaa mmoja hajamwagika.

Jioni hiyo hiyo jina la mtu lilikwisha kutajwa. Alikuwa mama mjane, mzee, aliyegombana na familia ya kijana kwa ajili ya shamba. Radi, walisema, haiji bila kutumwa.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, watafiti waliokuwa wamehesabu miali ya radi kwa setilaiti walitoa orodha ya mahali inapopiga zaidi duniani. Kwa Afrika pa kwanza ni Kabare, Kivu ya Kusini. Pa pili ni Kampene, hapa hapa Maniema, penye miali zaidi ya 170 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Nilisoma hesabu hiyo mara tatu. Mama mmoja angewezaje kutuma yote hayo? Mti mrefu huipokea radi, kisha umeme huruka kutoka shinani kwenda kwa mtu aliye karibu, au hupita ardhini na kuwapanda waliosimama. Sauti ya radi huchukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita; ukiisikia tu, iko karibu kiasi cha kutosha kukuua, na inafaa kungoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Hayo yote yangeingia katika somo moja la asubuhi. Hatukupewa.

Hata kabla ya hesabu hiyo, Oktoba 1998, zilipotoka habari kwamba radi imeua wachezaji 11 wa timu moja ya mpira huko Kasai na kuwaacha wapinzani wao wazima, nilisikia watu wazima wakiuliza swali lile lile la gatini: nani kaituma?

Yule mama mjane wa Lokandu hakupigwa na watu, namshukuru Mungu kwa hilo. Aliambiwa aondoke. Wenye mitumbwi walikataa kumbeba, kila mmoja na sababu yake, isipokuwa mjomba. Niliwasindikiza mpaka majini. Mama alikuwa na mkeka, sufuria moja na kuku mweupe aliyefungwa miguu. Mjomba alimshika mkono, akamkalisha katikati, akamwambia, “Kaa vizuri, mama.” Kisha akasimama kitambo, kafi mkononi, akitazama mashariki kabla ya kusukuma.