Korija Saba na Kumi na Tatu

Zamu ya kuongoza somo katika jumuiya yetu iliponifikia, nilijiandaa wiki nzima, na nakiri sasa kwamba sehemu kubwa ya maandalizi yale ilikuwa kutaka kuonekana. Tulikuwa kwenye Yohana 21, wale samaki 153. Nilikuwa nimesoma jinsi Agostino wa Hippo alivyoifumbua namba hiyo: jumlisha 1, 2, 3 hadi 17, utapata 153, na 17 ni amri kumi pamoja na vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Nikachora nukta kwenye kartoni, safu kumi na saba, pembetatu safi. Watu wakaguna kwa mshangao, nami kichwa kikavimba.

Mzee mmoja, aliyevua samaki miaka mingi kabla macho hayajamchoka, alikuwa akikunja vidole taratibu. "Korija saba na kumi na tatu," akasema, maana yeye bado alihesabu kwa ishirini ishirini, kama wauza boriti wa zamani. Nikamrukia: hiyo saba, baba, umeiona? Akanigeukia kwa upole ulionitia haya baadaye, si pale pale.

"Mwanangu, hao walikesha bila kitu. Aliyekesha bure, akipata, huhesabu mpaka wa mwisho. Na wangegawana vipi?" Kisha akauliza, akitaka kujua kweli, chombo kilikuwa cha nani.

Sikuwa na jibu. Wiki nzima na samaki wale, na sikuwa nimewaona hata mara moja wakipapatika wavuni.

Basi nikakimbilia upande wa pili, nikawa mtu wa kuzibeza namba, jambo ambalo nadhani lilikuwa majivuno yaleyale yaliyobadili kanzu. Maana hazibezeki. Mvua ya Nuhu siku 40, Musa mlimani siku 40, Eliya akienda Horebu, Yesu jangwani. Siamini kwamba walioandika hawakuusikia mwangwi huo. Hata sisi tunaosema siku za mwizi ni arobaini, nani kati yetu aliwahi kuweka daftari la wezi? Tunajua tunachosema, ingawa sina hakika kama ningeweza kukieleza.

Mzee alifariki mwaka jana. Arobaini yake tuliifanya Jumamosi, ili wanawe wanaofanya kazi mbali wawahi kufika. Nikiwa nimekaa mkekani, tabia ya zamani ikanirudia, nikahesabu kwa vidole: ilikuwa siku ya 37. Nikahesabu tena. Nikamgeukia jirani yangu nimwambie, lakini alikuwa anapokea sahani ya pilau kwa mikono miwili, akisogea kidogo kunipa nafasi. Nikanawa, nikasogea.