Mrudishe Mchangani

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako kaniambia kwamba mlipokwenda kupiga kambi kwenye mchanga wa Sharqiyah, mlimfukuza yarbuu, yule panya wa jangwani, kwa taa za gari mkamkamata, na sasa umemfungia kizimbani huko Maskati. Unamwekea bakuli la maji, hanywi, nawe unahofu anaumwa.

Haumwi. Maji yake huyapata kwenye majani, mizizi na mbegu anazotafuna, na figo zake hubana kila tone. Mchana, sisi huku Ibra tunapojifungia na viyoyozi, yeye amelala ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe, mlango kauziba kwa mchanga ili joto lisiingie na unyevu wa pumzi zake usitoke. Tena huchimba njia ya pili na kuiacha karibu itokeze juu. Nyoka akiingia mlangoni, yarbuu husukuma kwa kichwa ule mchanga mwembamba uliobaki, akachomoka. Hayo yote umemnyang'anya, mwanangu.

Mtazame miguu ya nyuma. Mwili wake hauzidi sana urefu wa kiganja chako, lakini akitishwa anaweza kuruka hadi mita 3. Kila mguu wa nyuma una vidole 3 tu, chini vimeota manyoya asizame mchangani, na mkia wenye kishada cheusi na cheupe, mrefu kuliko kiwiliwili, ndio unaomsawazisha. Bundi au mbweha akimwandama hashiki njia moja: hukata kulia, kushoto, hupaa juu, hata adui asijue atatua wapi. Kizimbani aruke wapi? Atajipasua pua kwenye nyaya.

Sayyidna Umar bin Khattab alihukumu kwamba aliye katika ihramu akiua yarbuu, fidia yake ni mwanambuzi. Wewe hukuwa katika ihramu na hukuua, wala sikutwishi fidia. Lakini ujue wakubwa wetu walimpimia uhai wake kwa uzito gani.

Basi Alhamisi hii mrudishe. Njiani funika kizimba kwa shuka, usimweke juani. Mwachie pale pale mlipomtoa, mbali na barabara, jua likishazama, ili apate usiku mzima wa kuchimba. Taa zizime. Na wenzako waambie mchezo wa kufukuza kwa gari umekwisha.

Ukifika Bidiyah nipigie simu, nitakuja tufuatane.

Mjomba wako