Zima Gari

Lori la baba ni Bedford la dizeli, zee, na stata yake ilikufa zamani. Ukilizima, hakikisha umeegesha mteremkoni. Ndilo nililotumwa nalo kutoka Mtwara mjini, Novemba 2020, nikamchukue bibi shambani Kitaya. Mwezi mmoja nyuma watu wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaua watu, wakachoma nyumba. Baba aliniambia, "Usirudi bila mama yangu."

Nilimkuta chini ya mikorosho, anaokota.

"Shikamoo bibi. Panda twende."

"Marahaba. Mbona hujazima gari? Zima, mjukuu wangu, unamaliza mafuta ya baba yako."

Ndugu msomaji, shamba lile ni tambarare. Nikazima.

Tuliokota korosho siku tatu. Usiku hatukuwasha hata kibatari. Siku ya nne majirani wachache waliokuwa wamerudi wakalisukuma lori likiwa tupu. Likawaka, tukapakia magunia tisa huku linanguruma. Bibi hakupanda.

Mjini baba alichungulia nyuma, akaona magunia tu. Hakunigombeza.

"Kesho nakwenda mwenyewe," alisema.

Nikajua naye atazima.