Manung'uniko Yanalegeza Mikono



Mwaka jana kijana mmoja wa kapela yetu alikuwa akipiga chapa nyimbo za kwaya kwa kompyuta yake, bila kudai hata franka moja. Siku moja alisahau ubeti. Mimi, mwalimu wa dini, nikamkemea mbele ya watu. Wengine wakafuata: mbona maandishi ni madogo, mbona umechelewa? Hakujibu. Juma lililofuata hakuja.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Akaniambia: «Mwalimu, sikuchoka kwa kazi, nilichoka kwa maneno.» Kisha akanisimulia habari hii.

Ziko programu za kompyuta ambazo watu wanazitengeneza bure, kila mtu azisome na kuzitumia. Moja inaitwa XZ, nayo hufinya mafaili yachukue nafasi ndogo. Kompyuta nyingi sana duniani zinaitumia, walakini kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea tu. Mwaka 2022 watu walimlalamikia: kazi inakwenda polepole, umwachie mwingine! Aliwajibu kwamba anaugua moyoni kwa muda mrefu, tena kazi ile haina malipo. Hawakumhurumia.

Alikuwapo msaidizi mpole aliyejiita Jia Tan. Collin akamkabidhi sehemu ya kazi. Kumbe, alikuwa mdanganyifu! Mwaka 2024 alitia ndani ya programu mlango wa siri wa kuingilia katika kompyuta za watu. Mwezi wa Machi mhandisi Andres Freund aliona kuingia katika mashini kunachelewa kama nusu sekunde. Akachunguza, akafichua hila ile kabla haijaenea sana. Wengi wanadhani hata walalamikaji wale walikuwa wenzake yule mdanganyifu.

Nilinyamaza. Nikawakumbuka Waisraeli jangwani, walivyonung'unika hata Musa akaomba kufa. Mungu hakumkemea Musa; alimpa wazee 70 wachukue mzigo pamoja naye.

Ndugu zangu, kosa lisemwe, ndiyo. Lakini mwenye kulisema alete na mkono wake. Kijana yule alirudi. Sasa kila Jumamosi jioni tunasoma nyimbo pamoja kabla ya kuzipiga chapa. Ubeti ukipotea, tumeupoteza sisi wawili.