Feni iliyokuwa ikingoja taa

Leo sina habari za programu za simu, nina habari za samaki. Msicheke.

Nina tangi la lita 60 sebuleni kwangu Lodwar, na nilianza na ngege saba wadogo. Kusema kweli nilitamani matumbawe, kama yale ya Pwani. Nikasoma kidogo, nikaona matumbawe hutaka maji ya chumvi ya digrii 25 hivi, na kwamba mwaka 1998 bahari yenyewe ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Ikiwa bahari ilishindwa, nyumba yangu ya mabati itaweza? Nikabaki na ngege.

Maelekezo karibu yote niliyosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wakiona maji yamepata moto, wanalaumu taa. Nami nikaandika programu kwa imani hiyo hiyo: Arduino iwashe taa saa mbili asubuhi, na feni ndogo ya kompyuta ivume juu ya maji wakati taa zinawaka. Taa zikizimika, feni nayo ilale. Feni yenyewe nilinunua Kakuma, kwa fundi mmoja Mkongomani ninayempitia kila nikienda kazini kule.

Siku moja stima ikapotea asubuhi, ikarudi saa nane mchana. Arduino yangu haikuwa na saa yenye betri, basi ikaanza upya ikidhani ni saa sita usiku. Taa giza, feni kimya. Niliporudi jioni maji yalikuwa digrii 36, na maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Ngege watano walikuwa juu wakitafuta pumzi. Wawili walikuwa wameshakufa.

Nikamweleza fundi. Akaniuliza: "Ndugu, feni iko inangoja taa ya nini? Joto iko kwa taa ao iko kwa nyumba?" Miaka yote hii naandika programu, na swali hilo sikujiuliza.

Sasa feni inatii kipima joto peke yake: digrii 30 inawaka, 29 inazima. Hiyo digrii moja ya katikati huzuia swichi isiwake na kuzima kila dakika. Taa nimezihamishia saa kumi jioni hadi saa sita usiku, na saa ina betri yake.

Lakini feni haipoozi bure. Inageuza maji kuwa mvuke. Lita moja ikiwa mvuke huondoka na joto la kilojuli kama 2,400. Kushusha lita 60 kwa digrii moja kunataka 250 tu. Hewa kavu ya Turkana inafaa kazi hii kuliko hewa ya Mombasa yenye unyevu. Gharama yake kwangu ilikuwa karibu lita mbili kwa siku. Jirani yangu, mama mtu mzima, alinikuta nikijaza.

"Mwanangu, hayo maji anakunywa nani?"

"Ni hewa, mama."

Akanyamaza, akabeba mtungi wake, akaenda zake.

Nimepandisha kipimo hadi 31 na kufunika nusu ya tangi. Sasa inapotea kama lita moja. Kuongeza maji peke yake hakutoshi, maana mvuke huacha chumvi nyuma (Ziwa Turkana halina mto unaotoka, ndiyo sababu lina chumvi). Kwa hiyo kila wiki nabadilisha maji kidogo, na yale ya zamani nampelekea mama amwagilie miche yake ya mwarobaini. Anayapokea. Kuhusu samaki bado hajasema neno.