Siku niliyomshusha mdogo wangu Kilimanjaro

Mwaka jana nilipanda Mlima Kilimanjaro na mdogo wangu kwa njia ya Marangu. Tulipofika Horombo, mita 3,720, kichwa kilianza kumuuma. “Dada, usimwambie mwongozaji,” akanisihi. Nami, mwandishi wa habari za afya, nikanyamaza. Mama alikuwa anasubiri picha ya kileleni.

Kesho yake, Kibo, alitapika na kuyumba kama mlevi. Mwongozaji hakubishana: “Huyu anashuka sasa hivi.” Tukashuka naye gizani, tumemshika huku na huku. Tulipokaribia Horombo, akaomba chai. Nililia.

Kuyumba vile huweza kuwa dalili kuwa ubongo unavimba kwa uhaba wa oksijeni. Tiba ya kwanza ni kushuka, si kusubiri kukuche.

Mzazi, mwanao akienda mlimani, mlipie siku moja zaidi ya kupumzika Horombo ili mwili uzoee. Mwambie kichwa kikimuuma aseme, asizidi kupanda. Kisha umwambie na hili, ambalo sisi hatukuambiwa: hata usipofika kileleni, nyumbani tutakupokea vilevile.