Gitaa la Marehemu



Marehemu kaka yangu, Mola amrehemu, alikuwa baharia. Eda ya shemeji ilipokwisha, alihamia kwetu Bura pamoja na mabinti zake wawili, na katika mizigo yao lilikuwamo kasha refu jeusi. Ndani yake mlikuwa na gitaa la Kihispania lililoundwa kwa mkono, jepesi mno. Ukichungulia katika tundu lake waona karatasi yenye jina la fundi kwa wino, na mji wake: Granada. Moyo ulinipiga. Ndiyo Gharnata ya vitabu vyetu, mji wa mwisho wa Waislamu wa Andalusi, ulioanguka mwaka 1492.

Kaka hakuacha mtoto wa kiume, na wazazi wetu walitangulia. Mjane ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, na kilichobaki, mafungu 5 katika 24, ni changu mimi asaba. Wakanitaka mimi nigawe. Mgawaji mwenye fungu lake hafai kugawa, nami nilipaswa kulisema hilo mapema.

Kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa ala za nyuzi ni haramu. Naijua pia kauli ya Ibn Hazm wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 1064, kwamba hadithi za kuziharamisha hazikuthibiti. Lakini mimi si mfuasi wake. Nikahukumu: chombo hiki kwa sifa ya ala hakina thamani, tutahesabu mbao zake tu.

Binti mdogo, aliyefundishwa na babake kulipiga, akainua uso. "Basi, ami, mbao hizo ziwe katika fungu langu. Naomba msizivunje."

Usiku ule, nikitoka msikitini baada ya isha, nilimsikia. Nyuzi za nailoni hazina ukali wa chuma. Sauti ilikuwa nene, ya chini, na kila mlio ulififia kabla sijaushika vizuri. Ulikuwa ule wimbo wa babake wa barazani. Shemeji alikuwa akilia. Sikubisha hodi wala sikukemea, na hilo najua nitaulizwa.

Baadaye nikasoma habari za Antonio de Torres, fundi wa Almería. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogandishwa, uso akauacha wa mbao, ili aonyeshe kuwa sauti hutoka usoni. Niliposema "mbao tu" nilikusudia kulishusha chombo kile. Kumbe mafundi nao husema mbao, na kwao ndiyo mali yote.

Nikamwachia binti fungu langu. Mama na dada yake wakamwachia yao. Rai yangu kuhusu nyuzi haijabadilika, naye anaijua. Hupiga nikiwa sipo, na mimi siku hizi huchelewa kurudi.

Ila joto la Bura mwalijua. Uso wa gitaa lile una unene wa milimita 2 au 3, na hewa kavu huupasua. Shemeji huweka ndani ya kasha kitambaa chenye maji katika kopo la sabuni alilolitoboa. Juzi walikwenda Garsen, wakakaa siku tatu. Siku ya pili nililifungua kasha, nikakigusa kitambaa. Kilikuwa kimekauka. Nikakichovya mtungini, nikakikamua, nikakirudisha.